Kitambaa cha Jicho la Zaina

Nakumbuka, mwanangu, miaka ile ya vita hapa Kindu, nikiwa mama kijana wa kuchekacheka, kichwani nina duka langu la vitenge ambalo halikuwahi kuwepo. Binti yangu Zaina alikuwa na miaka minne, jicho lake la kushoto limegeukia puani. Majirani walimwita Tazama-Pembeni. Nami nilicheka nao, Mungu anisamehe.

Muuguzi wa dispensere, mzee mpole kutoka Kasai, alinieleza polepole. Jicho lenyewe ni zima, alisema. Ila macho yakitazama kila moja njia yake, kichwa kinapokea picha mbili, na ili kisichanganyikiwe kinaizima moja. Kikizoea hivyo mpaka ukubwani, lile jicho halitajifunza tena kuona. Akalifunika la kulia, lile zuri, kwa kitambaa, ili la kushoto lilazimike kufanya kazi. Saa chache kila siku, kwa miezi mingi.

Siku ya kwanza tu Zaina alijigonga kwenye kinu.

"Mama, toa hii kitambaa. Niko naona ukungu tu."

Nikatoa. Watu niliwaambia naogopa atapotea tukikimbilia porini. Kweli tulikimbia, lakini si kila siku. Hata siku za utulivu machozi yake yalinishinda. Nikawa namfunga njiani, tukikaribia dispensere, na kumfungua tukirudi.

Muuguzi alishangaa jicho haliendelei. "Mama Zaina, unamufungaka kweli?"

"Kila siku, papa."

Zaina alikua, akaolewa, akawa mshonaji. Mwaka jana, akitwanga mpunga, kapi lilimwingia jicho la kulia. Kidonda kikapona, jicho likafa. Amebaki na la kushoto, lile ambalo halikufundishwa. Nikiingia kwake, hanijui mpaka nisalimie.

Juzi nilimwambia yote. Aliweka mikono juu ya cherehani.

"Nilikuwa nalia sana, mama?"

"Sana."

"Ungeniacha nilie."

Mwanangu, ukiona macho ya mtoto yanapishana, usicheke, usingoje. Mpeleke angali mdogo. Dawa ikimliza, mwache alie, kisha mbebe mgongoni mpaka anyamaze. Na ukishindwa, mwambie muuguzi ukweli, hatakupiga. Mungu akupe moyo unaoweza kusubiri machozi ya mtoto yakauke, na wanao wautambue uso wako hata ukizeeka.