Vikapu Vipya vya Bibi Manka

Nilikuwa na wiki mbili tu kazini, katika hoteli ndogo ya watalii kule Kilema, bado nikiwa kwenye majaribio. Bibi Manka, msusi wa vikapu, akaniletea vikapu viwili vikubwa vyenye ndizi. "Ndizi ni zawadi yenu," akasema, akaondoka.

Kwetu chombo cha zawadi hakirudishwi kitupu. Niliwaza saa nzima: chumvi au sukari? Chumvi ingeonekana dharau. Nikatoa ndizi, nikatia sukari kilo moja kila kikapu, nikavipeleka kwake. Hakuwapo, nikaviacha mlangoni, nikarudi nikijisifu kwa adabu zangu.

Jioni wageni walikuwa wakiota moto, kuni zimetapakaa sakafuni. Meneja akauliza, "Vile vikapu vya kuni nilivyoagiza kwa Bibi Manka viko wapi?"

Papo hapo Bibi Manka akaingia navyo, amenuna.

"Shikamoo, bibi," nikanong'ona.

"Marahaba. Mwanangu, kazi yangu ina kasoro gani hata unirudishie, tena na sukari ya kunibembeleza?"

Meneja alicheka mpaka akakalia kuni. Hapo ndipo nilipopumua: anayecheka hivyo hana nguvu ya kumfukuza mtu.