Beseni Moja ni Kilo Ngapi

Fundi wa kompyuta wa depo yetu ya mchele, hapa Kasongo, hufuta kibodi kwa mkono wa shati kabla ya kuandika, polepole, kama anamfuta mtoto kamasi. Juzi aliweka kompaila mpya, ile inayogeuza msimbo anaouandika kuwa programu, nayo ikakataa mistari arobaini. Ya zamani ilibadili mabeseni ya mchele kuwa kilo yenyewe, kimyakimya. Hii inataka kila badiliko aliandike mwenyewe. Hakununa. Akamuuliza Mama Waridi, mpokeaji wa mchele: "Mama, beseni moja iko kilo ngapi?"

"Beseni ya nani? Ya kule Wamaza iko kubwa."

Miaka sita programu yake ilikuwa imeyahesabu mabeseni yote kuwa na uzito mmoja. Alifunga kompyuta, akaikaza mizani kwa kamba nyuma ya pikipiki, akashika njia ya Wamaza.