Shukrani kwa Dawa Ambayo Haijawa Dawa

Kazi yangu ni kutengeneza kingamwili, protini ndogo sana, zote nakala za moja, zinazotafuta alama fulani kwenye uvimbe wa saratani na kuing'ang'ania. Siku hizi tunahangaikia saratani ya umio, ile inayoziba njia ya chakula hadi mtu ashindwe kumeza. Mama yangu aliipata nikiwa katikati ya kazi hiyo. Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani.

Aliacha shamba lake la viazi Mau Narok akaja kukaa kwangu Kiamunyi. Nilikuwa namchujia uji, naye analalamika kwamba nampa maji ya kuoshea sufuria.

Kwa ruhusa yake na ya daktari wake, tulijaribu kingamwili yetu kwenye kipande cha uvimbe wake. Ikashika. Nilimpigia simu nikiwa bado maabara. "Mum, imeshika!" Jioni ndipo nilipomweleza kwamba tumeijaribu kwa panya tu, na kwamba itachukua miaka kabla mtu yeyote hajadungwa. Akauliza kama hao panya wanapona. Nikasema wengine. Akaguna.

Jumamosi nilifungua geti nikakuta akina mama wa kanisa lake wamebeba kuku na gunia la viazi. Walikuja kwa ibada ya shukrani.

"Daktari wetu! Umepatia mama dawa! Mungu ni mwema!"

Mimi hata si daktari. Waliimba sebuleni hadi majirani wakachungulia, na mama akaimba nao kwa sauti iliyoanza kukwaruza. Nilimvuta jikoni, nilikokuwa nakanda unga wa chapati.

"Mum, si nilikuambia hiyo si dawa bado? Sasa hawa watu nitawaambia nini?"

"Nitawaambia mwenyewe wakishakula. Mgeni haambiwi mambo mazito akiwa na njaa."

"Kwa hivyo ulielewa?"

"Nilielewa vizuri."

"Sasa shukrani ni ya nini?"

Alinipangusa unga shavuni kwa kidole. "Hiyo dawa itakuja, na watu watakushukuru. Mimi sitakuwepo. Nikaona wacha nikushukuru saa hii, nikiwa bado niko na sauti."

Akarudi kwa wenzake. Nililia juu ya sinki nikiwa nimefungulia maji ili wasinisikie, kisha nikaenda kukaa katikati yao. Waliniwekea mikono kichwani wakaomba. Wote walifumba macho isipokuwa mama. Yeye alinitazama mpaka wakasema amina.