Sista Alisema Nini

Wiki iliyopita nilipelekwa hospitali kule Bankstown kwa ajili ya magoti, maana siku hizi ngazi za stesheni ya St Marys, huku ugenini tunakoishi, zinanishinda, napanda huku nimeshika chuma kama mlevi. Nilikwenda na mjukuu wangu wa kike, ana miaka kumi na mmoja. Kiswahili anakisikia chote, ila ukimsemesha anakujibu Kiingereza. Basi tulipoingia kwa daktari akajiweka tayari kunisemea. Nesi akamzuia kwa upole tu. Mtoto haruhusiwi kumtafsiria mgonjwa, akasema, ndiyo sheria yao. Wakampigia simu mkalimani, wakaiweka mezani, ikatoka sauti ya mwanamume, Kiswahili safi, sijui alikuwa amekaa wapi. "Mama, daktari anasema ile nyama laini ya katikati ya mifupa imelika, na haitarudi." Akaleta yote kama yalivyo, hakupunguza kitu.

Nikaanza kulia. Mjukuu ananipapasa mgongo, "Bibi, it's only your knees." Wote wakadhani nalilia magoti.

Mtoto haruhusiwi. Sasa wewe ngoja nikueleze, ila nitaanzia mbali kidogo.

Mimi nimekulia Kalemie, kando ya ziwa, kwa bibi yangu mzaa mama. Nyumbani tulisema Kiswahili, shuleni kwa masista Kifaransa. Bibi alianika ndagala mchangani, wale samaki wadogo, na kazi yangu ilikuwa kuwageuza na kufukuza kunguru. Na sombe yake! Akishatwanga yale majani ya muhogo, akatia mawese mekundu kweli, si haya ya chupa tunayouziwa hapa, jirani yetu mwanamke alikuwa anakuja na bakuli lake mwenyewe. Haombi. Anakaa tu, anaongea habari za mvua, bakuli liko magotini. Lakini nilikuwa nasema nini? Kifaransa.

Shule nilisoma miaka minne, basi, lakini mtaani kwetu miaka minne ilikuwa mingi. Nilisomea watu barua na karatasi za ofisi. Yule jirani aliniita Madamu. "Madamu, njoo uniambie, hii karatasi inanisifu au inanitukana?" Na nikikosa neno naweka langu. Nani angejua?

Ndipo bibi akapata uvimbe kwenye titi. Aliuficha chini ya kitenge mpaka ukaanza kutoa harufu, ndipo akakubali twende dispensari ya masista. Sista mzungu akampima, akanawa mikono, akanipa dawa ya kupaka ya kupunguza harufu, akaniangalia mimi. Akasema polepole kwa Kifaransa, kama mtu anavyosema na mtoto: apelekwe Lubumbashi wiki hii hii, akakatwe titi lote, akichelewa atakufa. Ningependa kukuambia kwamba sikuelewa. Nilielewa kila neno.

Sasa kwetu mtoto hatamki titi la bibi yake mbele ya uso wake. Na mtu mzima haambiwi kifo chake na kitoto. Habari ya namna hiyo inapelekwa kwa mjomba, mjomba anawaita wakubwa wenzake, wanakaa, wanazunguka, wanakohoa, ndipo inafika.

"Anasemaje, mama?" bibi akaniuliza. Aliniita mama, jina langu lilikuwa la mama yake.

"Anasema upake dawa hii, upumzike. Utapona."

Sista akaniuliza kama bibi ameelewa. Nikamjibu kwa Kifaransa kizuri kabisa kwamba ameelewa, atasafiri. Bibi akamshika Sista mikono yote miwili akamshukuru, na Sista machozi yakamlengalenga.

Miaka mingi nimejiambia ilikuwa heshima. Nusu ni kweli. Nusu nyingine ni kwamba bibi akienda Lubumbashi mimi nabaki kwa mke wa mjomba, na yule mwanamke alikuwa akipiga kwa mwiko. Nilikusudia kumwambia mjomba, usifikiri sikukusudia. Jumamosi nikamkuta amelewa. Jumapili kulikuwa na wageni. Baada ya hapo ningeulizwa kwa nini sikusema mapema, basi nikanyamaza, na kila siku niliyonyamaza ilizidi kunifunga mdomo. Ile siku ya dispensari bibi alinipakulia kichwa cha kuhe, samaki wa wageni, akamwambia jirani, "Huyu amenisemea kwa wazungu kama mtu mzima." Nilikula. Nilikula mpaka mifupa.

Alikufa kabla ya mvua. Sista akaja msibani, akapita katikati ya wanawake waliokaa chini, akaniuliza kwa Kifaransa mbele ya watu wote kwa nini bibi hakusafiri.

"Sista anasema nini?" mjomba akauliza.

Nikasema, "Anasema poleni sana."

"Mwambie tunashukuru."

Nikageuka kwa Sista nikamwambia kwamba bibi alikataa kwenda. Akafunga macho, akafanya msalaba. Watu wakaona jinsi anavyotupenda.

Wote wale hawapo tena, mjomba, mkewe, jirani na bakuli lake. Nyumba ilichomwa wakati wa vita. Kifaransa chenyewe kimenitoka. Mama mmoja wa Burundi hapa St Marys akinisemesha, napata neno moja moja. Binti yangu anawalea wazee wa watu huko Penrith, akirudi amechoka, nami sijawahi kumweleza haya. Katika ukoo wetu wanajua bibi aliugua akafa, mambo ya Mungu. Ila masista walikuwa watu wa kuandika kila kitu, na kama lile daftari la dispensari bado liko mahali, basi imeandikwa humo kwamba mwanamke huyu alielezwa vizuri, akakataa.

Bibi yangu hakukataa. Hakuna aliyemuuliza.