Nafasi Mbili za Meli ya Matanga

Nimefanya makosa leo na sijui nitamwambia baba aje.

Baba yangu alifundisha jiografia hapa Othaya hadi akastaafu, na bahari hajawahi kuiona. Nikatulipia sisi wawili tupande meli ya matanga kwa mashindano ya meli yanayoanzia Mombasa. Abiria wanasaidia kuvuta kamba. Jamani, amekuwa akifanya mazoezi na kamba ya ng'ombe!

Asubuhi daktari huko Nyeri akasikiliza moyo wake, kisha akaweka kalamu chini.

"Mzee, siwezi kuweka sahihi kwa hii fomu ya safari. Huko baharini hakuna hospitali."

Baba hakubishana. Akaenda kupanga laini ya dawa.

Mimi nikabaki nikilia. Nikawaandikia wenye meli: futeni nafasi zote mbili. Wakajibu hapo hapo. Kulikuwa na watu wanangoja, zimeshachukuliwa.

Baba akarudi akitabasamu.

"Lakini wewe utaenda, Wanjirũ. Utakuja kunisimulia yote."

Nikaficha simu mfukoni.

Saa hii yuko kwa simu na shangazi wa Kutus, anamwambia ati msichana wake anaenda kushindana baharini. Anacheka mpaka anakohoa.

Nyinyi mngeanzia wapi kumwambia?