Turbo Tatu Nilizoambiwa Nimeziua

Ndugu zangu, mimi niliwahi kufukuzwa kazi kwa kosa ambalo sikulifanya, na karatasi ya kukiri nikaisaini kwa mkono wangu, nikiwa na akili zangu timamu.

Mwaka 1983. Nilikuwa dereva wa lori la ushirika, nabeba pamba vijiji vya Butiama, napeleka kuchambuliwa Bunda.

Siku hiyo napanda kilima na mzigo, nikasikia filimbi kali kutoka kwenye injini. Mara moshi wa bluu ukajaa barabarani, gari likakosa nguvu kabisa.

Turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa. Ya tatu ndani ya miezi minane.

Nikakaa kwenye ngazi ya lori, nimeishiwa pozi. Barua mbili za onyo nilikuwa nazo tayari. Ya tatu ni kufukuzwa, tena mwaka ule wa msako wa wahujumu uchumi, kuharibu mali ya umma halikuwa jambo la kuchekewa.

Na gari lile nililitunza kuliko meno yangu. Asubuhi silikanyagii mafuta mpaka injini ipate joto. Nikifika na mzigo sizimi hapo hapo, naliacha lingurume dakika tano. Turbo inazunguka kwa kasi ya ajabu, na kinachoilinda ni oili inayopita ndani yake. Ukizima ghafla, oili inasimama na kuungulia humo humo.

Dizeli ilikuwa ya kupigania, kwa hiyo wenzangu walinicheka kwamba naichoma bure. Nikawaacha wacheke.

Kitu kimoja tu sikuwahi kukifanya. Sikuwahi kukagua kazi ya Stanislausi.

Stanislausi alikuwa fundi wetu. Tulitahiriwa siku moja, damu yetu iliingia ardhi moja. Kwetu, kumkagua mwenzako wa tohara ni kumwita mwizi mbele ya watu. Akisema amebadilisha oili, basi imebadilishwa.

Pale kilimani ndipo nikavuta kijiti cha oili kwa mara ya kwanza baada ya mkono wake. Alikuwa amenibadilishia juzi tu. Ilikuwa nyeusi tii, nzito, na ukiisugua vidoleni inakwaruza. Oili chakavu, imechujwa kwa kitambaa ikarudishwa.

Lori likavutwa mpaka Musoma. Mimi nikaenda Kigera kumtafuta Stanislausi, kwenye mashine ya kusaga ya dada yake, Dafroza. Hakuwepo. Ila makopo ya oili mpya yalikuwepo, yamepangwa ukutani, yana namba ya lori langu kwa rangi nyeupe.

Dafroza akaona ninavyoyatazama. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Kaka Magige, mbona unashangaa? Mama Gati si anabebaga unga hapa kila Jumamosi, fungu lenu la hii oili?"

Mama Gati ni mke wangu, Wankyo.

Nyumbani Buhare hakukana. Nikamuuliza kama alijua oili ilikuwa ya gari langu.

"Nilijua," akasema. "Gari ni la ushirika, Baba Gati. Watoto ni wetu. Ulidhani huo ugali ulikuwaga unatoka wapi, na madukani hamna kitu?"

Ule ugali nilikuwa nimeula miezi yote minane.

Kesho yake meneja akanisomea ripoti ya fundi: dereva ana tabia ya kuzima injini ikiwa ya moto. Mimi! Nikaonyeshwa karatasi. Mwandiko ulikuwa ule ule alioniandikia barua za uchumba nilipokuwa namtaka Wankyo.

Na mwenyewe alikuwa amekaa pembeni, ananitazama usoni bila kupepesa. Alikuwa ameshapiga hesabu zake. Nikimtaja, polisi watafika Kigera, na kutoka Kigera watakuja Buhare kumchukua mama wa watoto wangu.

Nikasaini uzembe.

Nikarudi kijijini kwetu Nyegina kulima mihogo. Wankyo niliishi naye, tukazaa wengine wawili, lakini sikumwamini tena, na nisiwadanganye, inaniuma mpaka leo.

Madereva vijana mnaosoma hapa, turbo haifi siku unayosikia filimbi. Inakufa kidogo kidogo kwa oili mbaya, huku wewe unaendesha kwa raha zako. Kagueni kazi ya kila fundi, hasa yule mnayemwonea aibu kumkagua. Akinuna, mwacheni anune.