Carte rose yenye jina ya mutu mwingine

Bandugu, kosa ni yangu. Musitafute mwingine. Ba douane, bale ba forodha ku mupaka, hapana, bibi yangu hapana, shetani mwenyewe hakuwa pale. Ni miye, mutu muzima, baba ya batoto, nauzisha matela, magodoro ya kulalia, hapa Mususa mu Butembo. Jina yangu sitaandika, juu Butembo batu banapenda kucheka, na miye nimechoka kuchekewa.

Mutoto yetu wa kwanza, Masika, alipata muchumba Bwera, ng'ambo ya mupaka, Uganda. Bale Bakonzo ni kama siye Banande, tunasikilizana bila shida. Baba ya muchumba, Muzee Baluku, alinipigia telefone mbele ya arusi. Akasema tufike tu Kasindi ku mupaka, gari yake itatungojea upande ya pili. Ilikuwa neno ya heshima. Lakini miye nilisikia kama vile ananiambia siko na gari. Nikamujibu kwamba mutoto yangu atashuka ku kanisa mu gari ya baba yake.

Sasa ile gari! Niliinunua kwa mucuruzi mumoja wa Beni, mutu wa biashara ya magari. Yeye mwenyewe alinisihi twende ku bureau tugeuze carte rose, ile karatasi ya kuonyesha mwenye gari, iandikwe jina yangu. Kila mara nilimuambia wiki yenye kuya. Mwisho alichoka kunikumbusha. Hapa Butembo nilikuwa natembeza tu, kila mutu ananijua, nani angeniuliza?

Mama Masika, bibi yangu, aliuliza. Alitaka kujua kama karatasi ya gari iko sawa kwa kuvuka. Nikamuambia, "Yote iko en ordre."

Yote gani? Nilikuwa nimeoshesha gari, nikavalisha biti housses mupya, nikafunga mbele ruban, ule utepe nyeupe ya arusi, nikanunua kofia. Nilijikumbusha hata kwamba Uganda banaendesha kushoto. Karatasi, hata moja sikutafuta. Nilifikiri nikifika kwa mupaka nitasalimia batu vizuri, bataona bibi-arusi, batafungua njia.

Tukalala Beni, kwa dada yangu wa Mulekera. Asubui ya arusi tukashuka Kasindi, Masika nyuma pamoja na mama yake, robe ya bibi-arusi imelazwa juu ya magoti yao kama mutoto muchanga. Upande ya Congo tulipita. Upande ya Uganda, mama mumoja wa douane, mwenye sauti ya polepole, alichukua carte rose, akasoma jina, akaniangalia.

"Huyu ni wewe?"

Nikasema ni kaka yangu. Akaniuliza basi kaka yuko wapi, juu kama gari haiko yangu, mwenyewe anapashwa kuniandikia ruhusa ya kuivusha. Bandugu, hapo ningesema ukweli. Nikasema kaka alikufa.

"Pole sana," akasema, na nilimuona anasikitika kweli. "Basi unionyeshe karatasi za urithi."

Mama Masika akatoa kichwa kwa dirisha. "Baba Masika, ni kaka gani alikufa?"

Yule mama hakucheka. Aligeuza assurance yangu, ile bima ya gari, akanionyesha inaishia Congo. Kwa kuvuka, akasema, inafaa carte jaune ya COMESA, njo assurance yenye kukubaliwa ku inchi ingine. Miye hata sura yake sikuijua. Akarudisha kila kitu mukononi mwangu kwa heshima: batu banaweza kupita, gari hapana.

Masika aliniwekea mukono ku bega. "Papa, tuache gari. Tuende."

Kama ningemusikia, leo singekuwa naandika. Lakini niliona aibu ya kufika bila gari, nyuma ya maneno yote yenye nilisema. Mama Masika akamupigia Muzee Baluku telefone, naye alifika haraka na pick-up yake, akasalimia, hakuuliza kitu. Bibi na mutoto bakapanda. Akanifungulia mulango miye pia. Nikamuambia batangulie, nitatengeneza karatasi, nitabafuata na gari.

Nikarudi Kasindi. Nikamupigia yule mucuruzi wa Beni anisaidie na ruhusa. Alianza kucheka, kisha akaniambia yuko Luofu ku matanga, mbali kabisa, atasaini namna gani? Nikatafuta wenye kuuzisha carte jaune. Mulango ilikuwa imefungwa. Mutu mumoja akaniambia anajua njia ya kupitia, nimungojee kidogo. Nikamungoja. Jua ikapanda, yule mutu hakurudi, na miye nikaendelea kumungoja!

Wakati roho ilinirudia, nilimuachia mulinzi wa parking gari pamoja na ruban yake, nikavuka kwa miguu, nikapanda moto, pikipiki ya kubeba batu, mupaka Bwera. Ku mulango ya kanisa, mama wa protocole, mwenye kupokea bageni, aliniangalia vumbi ku costume, suti yangu ya arusi, akaniuliza niko mualikwa wa upande gani.

Nikasema niko baba ya bibi-arusi. Akanionyesha benchi ya mwisho.

Masika alikuwa alishaingia. Aliingia ameshikana mukono na mama yake. Sasa balikuwa banavalishana pete. Alipogeuka aliniona kule nyuma, akanichekea kwa uzuri. Ingefaa angekasirika. Ile cheko njo ilinivunja.

Ku karamu, Muzee Baluku alisimama kushukuru. Akasema bakwe yake wa Congo ni batu wakarimu sana, balileta mutoto, tena baliacha gari ku mupaka, na yeye hajajua ile gari ni ya desturi gani. Batu balicheka mupaka sahani zikatikisika. Na miye nilicheka. Nilikuwa nameza machozi pamoja na wali.

Sasa nimebadilisha carte rose. Bandugu, wenye kutaka kuvuka na gari, muende ku bureau mapema. Jina ku carte rose iwe yako. Kama haiko yako, mwenyewe aandike ruhusa. Muangalie permis ya kuendesha isikuwe imeisha. Mutafute carte jaune mbele ya kutafuta ruban. Bibi akiuliza, musimudanganye. Na kama bamekataza gari, muiache pale pale, muende na mutoto yenu.

Mama Masika ametundika ku salon ya nyumba yetu ile picha ya kuingia kanisani: Masika na robe yake, yeye pembeni, banatembea. Kila mugeni anauliza baba alikuwa wapi. Miye ninaangalia chini. Bibi yangu anajibu polepole, bila kuacha kumimina chai:

"Alikuwa Kasindi, analinda gari."